Njuga mbili za kupima bastola ya kulehemu

Baba, shikamoo. Maharage yapo jikoni, pasha tu.

Asubuhi ulisema bastola yako kuukuu ya kulehemu inaishinda niliyokununulia, na boksi hata hujalifungua. Ulipotoka nikalehemu vipete vya njuga mbili za ngoma ya Jumamosi, kila njuga na bastola yake. Zitikise. Mpya inapata moto haraka mno, lehemu ikatapakaa hadi ndani, njuga imekuwa bubu. Yako ilijivuta, ikaacha tone moja tu, na njuga inalia.

Haya, umeshinda. ~~Mpya nairudisha dukani.~~ Mpya itumie kwanza. Yako nimeondoka nayo, nampelekea fundi wa Chang'ombe abadilishe waya. Imenipiga shoti mara mbili. Wewe imekupiga mara ngapi ukanyamaza?

Mwanao,
Aneth