Nchi Yako na Mguu wa Mama

Kwako mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na mapacha, na Mama mguu wake ukiwa mkavu. Sisi huku tupo. Hatujambo kwa kiasi chetu, isipokuwa shemeji yako, yeye ana jambo, nitalifikia. Nakuomba usiisome hii nyumbani. Ukiipokea mbele ya Mama mwambie ni mambo ya kazi, ikunje, nenda nayo huko jikoni kwenu shuleni, uisome mkishamaliza kuwapa watoto chakula. Ningepiga simu, lakini simu yako Mama ndiye huikimbilia, na hata ukiipokea wewe unaiwekea sauti ya juu nyumba nzima isikie.

Najua unachosubiri. Tulikubaliana Mama apande basi mwisho wa mwezi huu arudi kwangu, na mimi nikuandikie nitampokea siku gani. Nitakujibu. Ila kwanza niseme yaliyonijaa tangu nilipovuka mpaka kuja kwenu, maana nisipoyasema nitapasuka. Unanijua, wivu siwezi kuuficha. Tangu utotoni, ukinunuliwa viatu wewe, miguu inaniuma mimi.

Tuanze na yule nesi wako. Asubuhi ya kwanza niliposikia hodi nilidhani ni mgeni wa mumeo. Kumbe ni nesi na begi lake, amekuja mwenyewe, hakuitwa wala hakutumiwa nauli. Akavua viatu mlangoni, akapiga magoti, akaushika mguu wa Mama na kuufungua bandeji huku anamuuliza amelalaje. Mimi nimesimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Mguu ule niliuosha mimi miezi yote ile alipokuwa kwangu, asubuhi na jioni, kwa maji ya chumvi, na kidonda hakikufunga. Ulipokuja kumchukua nikasema unajishaua tu. Sasa nesi wako amekifunga huku anapiga soga, na Mama anamwita mkwe. Nilimtafutia kosa yule binti nikakosa, mwishowe nikasema moyoni kwamba ana miguu mikubwa.

Huku kwetu unapajua, lakini umeondoka siku nyingi, ngoja nikukumbushe. Ukifika hospitali wa kwanza kukusalimia ni mtu wa dirishani, na salamu yake ni bei ya faili. Faili likishafunguliwa unakwenda dirisha la pili kununua glovu za daktari atakayekushika. Mara ya mwisho nilipompeleka Mama tulikaa kwenye benchi mpaka wakaanza kudeki chini ya miguu yetu, ndipo tukaambiwa daktari amekwenda kwenye kliniki yake mwenyewe, tukitaka tumfuate huko. Nilipomsimulia mumeo alicheka, akadhani natia chumvi. Halafu akatoa kwenye pochi kadi yake ya matibabu ya bure, akanionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake wa kwanza. Mtu anaendesha gari la taka, mdogo wangu. Simdharau, ni mtu mwema, na sijawahi kumsikia akinuka kitu zaidi ya sabuni. Lakini shemeji yako ana duka la vifaa vya ujenzi, ana stoo mbili, tunalipa kodi mpaka tunahema, na kadi hatuna.

Kisha kuna madirisha yenu. Mnalala madirisha wazi. Niliamka nikaona pazia linapepea, nikawaamsha wote kwa kelele nikijua tumeibiwa, na mapacha wakanicheka mpaka wakashika mbavu. Polisi niliyemwona sokoni kwenu alikuwa na filimbi na kalamu. Nikamuuliza mumeo bunduki ya yule mtu iko wapi, akasema pengine kituoni, kwani kuna nini. Ndipo akanisimulia habari za jirani yenu mwindaji. Alipoomba bunduki walikuja kumhoji nyumbani, wakamuuliza mkewe faragha kama anapigwa, wakawauliza majirani kama ni mtu wa hasira, wakampeleka kwa daktari wa akili. Na mpaka leo bunduki yenyewe inalala kituoni kwenye kabati la chuma, anaisaini akienda porini, anaisaini akirudi. Nikacheka, nikasema hiyo si bunduki, hiyo ni mtoto wa bweni. Nilicheka mdomo tu, roho ilikuwa inaniuma.

Maana huku duka la bastola liko kati ya duka la simu na duka la miwani. Unaingia na kitambulisho, unaandika jina na anwani, unatoka nayo kwenye mfuko wa karatasi pamoja na kalenda ya bure. Shemeji yako alinunua yake wiki ile jirani yake anayeuza vigae alipovamiwa dukani. Mchana anaivaa kiunoni, usiku inalala chini ya mto wake. Mimi nalala upande wa pili, na kujigeuza najigeuza kwa adabu. Nilishamwambia aiondoe ndani ya nyumba. Akanijibu kwamba sheria inamruhusu, na hapo hasemi uongo, inamruhusu.

Basi siku zote zile kwenu nikawa mtu mbaya. Nilisema maji yenu yana ladha ya bomba. Nilisema mtaa wenu umepooza, mtu anaweza kusahau kama yuko hai. Uliponiuliza kama kitanda kinanifaa nikasema ni kirefu mno. Ukanivumilia, ukaniongezea blanketi, na uvumilivu wako ukanikera kuliko kitanda. Niliona kwa mtu mwenye kila kitu kuvumilia si kazi.

Sasa kuna jambo hujalijua lilivyokuwa. Siku yangu ya mwisho, wewe ukiwa kazini, Mama aliniita chumbani akaniambia nifunge mlango. Nikadhani anaumwa. Akaniomba nimrudishe nyumbani. Alisema unamtunza sana, nesi hana mfano, wajukuu ni asali, ila hapo kwenu kila mtu anamshika kama yai na hakuna anayethubutu kumbishia. Kwangu anagombana na mimi kutwa, anajua kila kitu kiko wapi gizani, na cherehani yangu ikilia anapata usingizi. Mdogo wangu, nilifurahi mpaka nikaona haya. Nchi nzima ile, na kadi zenu, na nesi wenu wa kupiga magoti, Mama kanichagua mimi. Jioni alipokwambia mwenyewe ukalia, nilikukumbatia nikakubembeleza, na nyuma ya bega lako nilikuwa natabasamu. Ndani ya basi niliendelea kutabasamu mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama naenda kuolewa.

Nilipofika sikukaa. Kile chumba chake nilikipaka rangi, nikanunua godoro jipya, nikashona pazia kwa kitambaa kizuri nilichokuwa nimemfichia mteja. Unakumbuka tulivyokigawa chumba kimoja kuwa viwili kwa ukuta wa mbao, upande mmoja mimi na shemeji yako, upande wa pili Mama. Kitanda chake kilikuwa dirishani. Nikakisukuma mwenyewe mpaka kwenye ule ukuta wa mbao, kichwa kwa kichwa na kitanda chetu, ili usiku akiniita hata kwa kunong'ona nimsikie. Niliona nimefanya jambo la maana. Nikasema moyoni, hili hata nesi hakulifikiria.

Jumapili iliyopita, mchana, baada ya chakula, shemeji yako alikaa chumbani anaisafisha bastola yake. Siku zote huniambia kwamba hutoa risasi kwanza, na siku hiyo alizitoa. Ikabaki moja, iliyokwisha kupanda kwenye mtutu. Mimi nilikuwa sebuleni kwenye cherehani, nashona foronya za Mama. Nikasikia mshindo. Nilimkuta ameketi vilevile ukingoni mwa kitanda, anautazama mkono wake wa kushoto kama ameuazima. Kidole cha kati hakikuwepo. Nikaufunga mkono kwa foronya niliyokuwa nayo, tukatoka mbio.

Dirishani hospitalini tulitajiwa pesa za amana kwanza. Damu inadondoka kwenye kaunta, yule mtu anaifuta kwa kitambaa huku anataja bei. Sisi tulikuwa nazo, tukalipa, tukapita. Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mwanamke na mtoto wa homa, yeye hakuwa nazo, akaambiwa asogee pembeni. Tukampita na kidole chetu cha kujitakia. Nilitaka kumtazama usoni nikashindwa. Nilifikiria jikoni kwenu shuleni, na nesi anayekuja bila kuitwa, na nikakuonea wivu pale pale kwenye foleni, wivu wa kutaka kukaa chini nilie. Baadaye polisi walikuja, wakaandika kwamba ni ajali, wakamrudishia bastola yake kwa heshima kwa kuwa ni mali yake halali.

Nilirudi nyumbani jioni peke yangu kumchukulia nguo. Ndipo nilipofungua chumba cha Mama. Risasi ilipita kwenye mkono wa shemeji yako, ikapita kwenye ukuta wa mbao, ikaishia kwenye mto wa Mama, katikati, pale pa kulaza kichwa. Na ilikuwa saa ile ambayo Mama, akishakula, hujilaza. Nilitia kidole kwenye tundu la ukuta, kisha kwenye tundu la mto. Halafu nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti, na nilikuwa peke yangu, kwa hiyo sikujizuia.

Nilimwambia shemeji yako achague, bastola au mama yangu. Hakunifokea. Alisema kwa upole kabisa kwamba sasa ndiyo anaihitaji zaidi, kwa sababu mtaa mzima umeshasikia kwamba amebaki na mkono mmoja wa kazi. Jana nikitandika nimeigusa, iko palepale chini ya mto. Na usianze kuniuliza kwa nini na mimi nisije huko. Nina wateja, nina mume ambaye hawezi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, na nchi yenu haigawi kadi kwa kila anayeona wivu.

Kwa hiyo siku uliyokuwa unaisubiri haipo. Usimpandishe Mama basi, mwezi huu wala mwingine, hata akilia, hata akifunga mizigo akakaa nayo mlangoni.

Na ya bastola usimwambie. Unamjua Mama. Akisikia kuna hatari ndani ya nyumba hii hatakaa huko hata saa moja, atakuja na mguu wake huo huo kunilinda mimi. Mwambie mimi ndiye niliyekataa. Sema chumba nimekipangisha kwa mwanafunzi wa chuo, na kwamba nimesema nimechoka kuosha miguu ya watu. Sema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo mabaya, ili aamini ni yangu. Ataamini, kwa sababu anajua nina ulimi. Atanuna, ataacha kupokea simu zangu, atawaambia majirani zako kwamba Mungu alimbakizia mtoto mmoja tu. Na wewe usinitetee hata kidogo. Ukinitetea atashuku.

Nisalimie mumeo, umwambie asinikasirikie kwa lile la gari la taka. Wabusu mapacha. Nisalimie hata yule nesi, maana Mama sasa ni wake. Lakini Mama mwenyewe usimpe salamu zangu. Mtu aliyepangisha chumba cha mama yake hatumi salamu.

Ni mimi,
Dada yako