Dawa ya Pacha

Mbaga,
9 Februari 2024

Pacha wangu wa wodini, Hamidu,

Salamu nyingi kutoka huku juu kwenye baridi. Shemeji Shamsa hajambo? Na lile kovu lako, limeacha kuwasha? Huku wote wazima, isipokuwa mimi, ambaye ni nusu mzima.

Naandika kwa sababu simu yangu siku hizi inasema kwa spika tu, na mtandao unapatikana mbele ya duka la Eliufoo, ambako watu hawakosi. Mambo ya tezi dume hayatangazwi pale.

Wewe walikutoa tezi yote ukarudi Lembeni kuuza samaki wako. Mimi, kama unavyokumbuka, walisema ugonjwa umeshafika mifupani, nikaanzishiwa sindano ya kila miezi mitatu ya kuzima homoni za kiume. Imezima kweli. Joto linanipanda kifuani hadi navua koti kanisani. Kitandani mimi na Mama Agape tunalala kama abiria wa basi moja. Hayo nayavumilia. Lakini juzi lilipigwa baragumu la msaragambo, kijiji kizima kikaenda kuzibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Nilipiga jembe mara nne, nikakaa chini. Wakanituma kwa akina mama wanaopika makande. Pacha, nililia nikasingizia moshi.

Wewe nguvu umezipata wapi?

Pacha wako,
Aminieli


Lembeni,
24 Februari 2024

Pacha Aminieli,

Shikamoo, maana umenitangulia kwa miaka mitano, na kwa kukoroma wodini ulinitangulia zaidi. Shemeji Justa nampa pole kwa hilo la abiria. Hapa sote wazima, samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanapatikana kidogo kidogo.

Hata mimi baada ya upasuaji nilikuwa gunia tupu. Daktari akapima damu, akasema homoni zimeshuka, ila tusubiri. Tumesubiri miaka miwili, kipimo cha PSA, kile cha saratani, kiko kimya. Ndipo akasema kuna sindano ya kuzirudisha na kuna dawa ya kupaka, nichague. Nikachagua ya kupaka. Unapaka begani asubuhi, unanawa mikono, na shemeji asikuguse hapo.

Nimempa konda wa basi tyubu mbili, ni nusu ya zangu. Tulilala vitanda jirani, ugonjwa mmoja, uji mmoja. Dawa nayo iwe ya mmoja? Paka, urudi kwenye jembe.

Pacha wako,
Hamidu


Mbaga,
30 Machi 2024

Pacha wangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Mnaendeleaje huko kwenye joto? Sisi tunasherehekea Pasaka, na mimi nimefufuka kabla ya siku yenyewe!

Wiki ya tatu niliamka nikajikuta naimba. Jumatano baragumu lilipolia nilitangulia. Nimechimba mfereji tangu asubuhi hadi makande yalipoiva, na safari hii nimeyala na wanaume. Mama Agape anacheka peke yake jikoni. Mgongo unauma kidogo, lakini ni uchovu wa jembe, maumivu ya heshima.

Umenirudishia utu wangu. Sina la kukulipa.

Pacha wako,
Aminieli


Lembeni,
17 Aprili 2024

Aminieli, ndugu yangu,

Nakusalimu na kukuuliza hali kwa moyo wote, tena naomba unijibu kweli. Kabla hujasoma zaidi, ACHA KUPAKA ILE DAWA. Itupe chooni.

Jana nilikwenda kliniki. Damu yangu ilionyesha dawa haitoshi, daktari akauliza kwa nini. Nikamwambia, tena kwa kujisifu, kwamba nagawana na pacha wangu anayechomwa sindano. Akaweka kalamu chini. Akasema mimi nilipewa kwa sababu kwangu hakijabaki kitu kinachoonekana, na hata hivyo ananipima damu kila miezi mitatu kwa wasiwasi. Wewe ugonjwa uko mifupani, nao chakula chake ni homoni hizo hizo. Sindano inaunyima chakula, na mimi nimekutumia chakula kwenye basi.

Maumivu ya mgongo si ya jembe. Nenda hospitali, leo, usingoje.

Nimekosa. Sikujua.

Hamidu


Lembeni,
6 Mei 2024

Pacha,

U hali gani? Hujajibu. Nilipopiga simu nilikwambia acha kupaka, ukajibu, "Aa, maharage yanaendelea vizuri." Nikaelewa uko dukani. Nikauliza mgongo, ukasema, "Salimia wote." Simu ikakatika.

Jumamosi nilipanda mpaka Same ili nije mwenyewe. Mvua imekata barabara, mabasi hayapandi. Nilikaa stendi tangu saa mbili hadi alasiri nikitazama milima yenu imefunikwa na mawingu. Nina miaka sitini na moja, nina nguvu za kubeba magunia ya samaki, na siwezi kukufikia.

Naiacha barua hii kwa konda, ailete njia ikifunguka. Niandikie hata neno moja.

Pacha wako,
Hamidu


Mbaga,
28 Mei 2024

Shemeji Hamidu,

Salamu sana. Shemeji Shamsa hajambo? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu.

Mimi ndiye Justa, Mama Agape. Mwenzangu hawezi kuandika. Tangu mwanzoni mwa mwezi huu miguu imekufa ganzi, na mgongo unamliza. Jana barabara imefunguliwa, keshokutwa vijana watamteremsha kwa machela hadi kwenye gari, tumpeleke Moshi. Yeye anasema ni jembe la msaragambo tu.

Barua zako mbili za mwisho zimefika. Ya kwanza ilimkuta dawa imeisha siku tatu nyuma. Alizisoma, akalia, akazikunja ndani ya shati lake, hanipi nizione. Nilipomuuliza umeandika nini, alisema, "Pacha ana roho nzuri, usimsumbue kwa lolote."

Ila mimi nakusumbua, shemeji, kwa siri, yeye asijue. Dawa yako ndiyo kitu pekee kilichomsimamisha mume wangu tangu augue. Mwezi ule wa tatu nilikuwa na mume. Nakuomba, ukipata tyubu moja tu, mpe konda aniletee kabla hatujaondoka. Mikono yake inatetemeka sasa, nitampaka mwenyewe.

Shemeji yako,
Justa