Choo Kisichafuke

Kaze weee, acha kila kitu usome hii!

Unajua vile vyoo vipya vya kisoko chetu huku Ndera, tulivyovijenga wenyewe kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kujitolea? Mwenyekiti wa soko, Mugenzi, amevifunga tangu viishe. Ufunguo anauvaa shingoni kama msalaba. Eti visichafuke kabla wageni wa mradi hawajaviona. Choo kisichafuke, Kaze! CHOO!

Sasa leo wageni wako njiani, na Sangwa fundi cherehani, na lile tumbo lake la miezi minane, amebanwa mpaka machozi. Kichaka tunachokimbilia kiko mbali, na kuchuchumaa hawezi tena.

"Mzee, nifungulie, nitapasuka."

"Mama, unataka kutuaibisha? Nimeshapiga deki!"

Amepiga deki choo ambamo hajaingia mtu. Yebabawe!

Wageni wakafika. Mugenzi akafungua mlango kwa madaha, akaanza hotuba: "Akina mama wetu sasa wana heshima." Nyuma yake choo cha kukalia bado kimevaa nailoni ya dukani! Mgeni mmoja akauliza, "Na hii nailoni?" Mugenzi, bila haya: "Ni ya usafi."

Hapo Sangwa akachoka. Akampita mgeni, akampita Mugenzi, akaingia, akafunga kwa ndani. Tukasikia nailoni ikichanwa, shwaaa!

Mugenzi akabisha hodi: "Mama! Niko katikati ya hotuba!"

Sauti ikatoka ndani, tulivu kabisa: "Endelea tu, mzee. Nasikia."