Hapana Inayochelewa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituoni, chumba namba 3, tarehe 14 Machi, saa 4:20 asubuhi.

Jina: limehifadhiwa, kazini naitwa Mama Saa. Umri: miaka 41. Kazi: mkaguzi wa programu za makufuli ya elektroniki. Makazi: nyuma ya kiwanda cha makufuli, mlango wa nne.

Naeleza kwa hiari yangu, na kwa hasira yangu pia. Afande amekubali iandikwe.

Mnamo tarehe 9 Machi, saa 8:10 mchana, mdogo wangu wa kike, ambaye ni nesi, alikamatwa kwa wizi wa dawa za usingizi kwenye kabati la wodi. Kufuli halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa namba sita, na siku hiyo namba alikuwa nazo yeye peke yake. Kufuli hilo tulilitengeneza sisi. Sasa hivi yuko mahabusu, vyumba viwili kutoka hapa nilipokaa.

Juni mwaka jana niligundua kwamba programu iliyo ndani ya chipu ya kufuli hukagua namba moja moja. Ikikuta kosa inaacha hapo hapo na kupiga mlio wa kukataa. Ukikosea namba ya kwanza, hapana yake inakuja papo hapo. Ukiipatia, inaenda kwanza kukagua ya pili, hivyo hapana inachelewa kidogo mno. Sikio halitambui, ila simu ikirekodi inaonyesha. Mwizi anajaribu kila namba mara kadhaa ili apime, na anasonga hivyo namba kwa namba mpaka mwisho. Niliandika marekebisho ili kufuli likague zote sita ndipo lijibu, kwa muda uleule kila mara. Msimamizi wangu aliyafuta. Juu ya karatasi yangu aliandika kwa mkono wake, "Ondoa. Inachelewesha," akasaini. Ndipo akanipachika hilo jina la Mama Saa. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Karatasi nikaitunza.

Tarehe 11 Machi msimamizi aliitwa hapa kuandikisha maelezo. Nilikuwepo, na ningeweza kumkumbusha ile karatasi. Nikanyamaza makusudi, ili uongo wake uwe na sahihi, mpaka akasaini kwamba kufuli halivujishi siri na kwamba hakuwahi kuonywa. Kwa ukimya wangu mdogo wangu alikaa ndani siku tatu zaidi. Hilo nitaongea naye mwenyewe.

Leo saa 3:00 asubuhi, mbele ya afande, msimamizi aliweka namba mpya kwenye kufuli la aina hiyo. Akasema, "Haya, Mama Saa, tuonyeshe uchawi wako."

Nilibonyeza huku simu ikirekodi. Baada ya dakika ishirini na tatu kufuli lilifunguka. Kisha tulisoma kumbukumbu ya kufuli la wodini: lilikataa mara 236, kati ya saa 7:02 na 7:25 mchana. Muda huo mdogo wangu alikuwa chumba cha upasuaji, na daktari ameshaandikisha hivyo. Nikaweka karatasi mezani.

Msimamizi akasema, "Dada, haya si tungeyamaliza kazini?"

Nikamjibu, "Tuliyamaliza Juni."

Jasho lilimtoka. Nimefurahi.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo, na nayasimamia.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa na kukubali. Mdogo wake ameachiwa saa 5:10 asubuhi. Msimamizi bado anahojiwa. Nilimshauri shahidi afute neno "nimefurahi". Alichelewa kidogo, kisha akasema hapana.