Giza la Roboti

Dada Hodan,

Bado nasikia barafu ikikwaruza ubavu wa mashua yetu, kama kijiko kwenye sufuria yenye ukoko. Huku karibu na ncha ya kaskazini jua halichomozi kabisa msimu huu, na sisi wanafunzi tunashusha roboti baharini gizani, maana viumbe vidogo tunavyovichunguza hukimbia mwanga. Jana nilikuwa nimeshika kebo ya roboti. Mkwaruzo ulipozidi nikadhani tunazama, nikawasha tochi. Papo hapo viumbe vikatoweka, na skrini ya kuonyesha anachokiona roboti ikabaki tupu.

“Hongera, bibie wa Birmingham, umefukuza bahari nzima!” mwenzangu akacheka. Kiongozi wetu hakucheka. Alisema anayeogopa giza abaki nchi kavu aoshe vifaa, wala hatamlaumu.

Wewe unajua hata hapo nyumbani Small Heath silali mpaka taa ya koridoo iwake. Nayaogopa haya maji, dada. Ila naogopa zaidi kurudi bila kuviona viumbe nilivyovifuata.

Nakukumbatia wewe na Mama. Mwambie nakula vizuri, habari za barafu usimwambie. Asubuhi hii nimemkabidhi kiongozi tochi yangu, nimevaa suti ya kuelea, na zamu ya kebo nimeichukua tena.

Ifrah wako