Kofia Kwenye Swichi

Jumatatu, 3 Februari

Mchoro tena. Asubuhi nzima macho kwenye kompyuta, shingo imekaza. Bwana Mutua, meneja wetu, anautaka uwe tayari kabla wakaguzi hawajafika Alhamisi ya wiki ijayo. Wanatumwa na wanunuzi wakubwa wa chumvi, na hawataki tena makaratasi. Wanataka picha: katikati duara la hatari, kushoto sababu zake, kulia maafa yake, na kila mstari umekatwa na viboksi vya vizuizi. Kizuizi kikifanya kazi, kijani. Kikilegea, manjano. Kisipokuwepo, nyekundu.

Nimemaliza mabwawa. Nimemaliza matrekta. Kimebaki kinu cha kusagia chumvi, na ndicho kinachonitia uvivu.

Miezi mitano tangu nitolewe stoo nikapewa cheo cha ofisa wa usalama. Mafunzo siku tatu, Mombasa. Mama bado anawaambia majirani kwamba mwanawe siku hizi ni askari.

Jumanne, 4 Februari

Kinu. Hatari: mtu kukamatwa na meno yake wakati wa kukisafisha. Kizuizi: swichi ifungwe kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwa aliye ndani. Kufuli zipo, dazeni nzima, nilizipokea mwenyewe nikiwa stoo. Nikapaka kijani.

Sikwenda kutazama kama zinatumika. Jua la Gongoni saa nane mchana, nani aende.

Jumatano, 5 Februari

Nilikwenda kinuni asubuhi na simu yangu. Programu inataka kila kiboksi kiwe na picha. Kinu kilikuwa kimezimwa, lakini mashine ya kufunga mifuko upande wa pili ilikuwa ikinguruma, hata ukiitwa kwa jina husikii. Kwenye swichi hakukuwa na kufuli, nikaona basi hakuna mtu ndani; kulikuwa na kofia ya buluu, imekauka jasho na chumvi. Kila nikipita hapo nakuta kitu kimetundikwa: kofia, leso, shati. Uzembe tu, nikajiambia, na sasa utaonekana mpaka kwa wanunuzi. Nikaitoa, nikapiga picha, nikaichukua nikaitie kwenye kikapu cha vitu visivyo na mwenyewe. Nikaenda zangu.

Robo saa baadaye, ukelele.

Kazungu. Fundi wa kinu, mtu mzima wa Jilore, yuko hapa tangu kinu kinaletwa. Alikuwa ndani anakwangua chumvi iliyoganda. Saidi, mwendesha kinu, akabonyeza swichi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto. Tumempeleka hospitali Malindi kwa pikapu ya kampuni, mimi nimeushika mkono wake juu njia nzima. Buibui nimelifua mara mbili.

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 6 Februari

Mutua ameshaandika ripoti. Mfanyakazi aliingia ndani ya kinu bila kufunga kufuli. Amevunja kanuni. Adhabu yake inajulikana: kazi hana. Akaniuliza mchoro unasemaje. Unasema kufuli ipo, kijani. Basi, akasema, kosa ni lake.

Sikumwambia kwamba sikwenda kutazama. Ya kofia nilikuwa sijayajua bado, lakini hilo nililijua.

Mchana nikamfuata Saidi kuchukua maelezo. Macho mekundu, hajalala. Nikamwuliza kwa nini hakuangalia kama kuna mtu ndani.

"Niliangalia, dada. Hakukuwa na kofia."

Nikamwomba anieleze. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu husalimiana. Kufuli hapa hazidumu, akasema. Chumvi inazila, wiki mbili tu ufunguo unavunjikia ndani. Kwa hivyo anayeingia hutundika kofia yake kwenye swichi. Ukiona kofia, huigusi, hata awe ni mtu mliyegombana. Miaka yote ni hivyo. Hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyedhani kuna mtu wa humu asiyejua.

Nikakaa chini palepale. Nikajidai nimeshikwa na kizunguzungu cha jua.

Ijumaa, 7 Februari

Kofia iko kwenye kikapu, chini ya meza yangu. Upande wa ndani kuna herufi mbili kwa wino: K.C. Kazungu Charo. Nimeigeuza nisizione.

Hakuna aliyeniona nikiitoa. Hakuna aliyeniona. Nimeandika mara mbili na sijapata nafuu.

Mama ameuliza mbona sili. Nikasema joto.

Jumapili, 9 Februari

Nimechoka na uoga wangu mwenyewe. Nisiposema, mzee wa watu anafukuzwa kazi na mkono mbovu, na atakwenda kaburini akiamini kwamba alisahau. Sijui lipi ni baya zaidi. Naona ni hilo la pili.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi hapa kinaniumbua kikapu.

Jumatatu, 10 Februari

Nilifika ofisini kabla ya watu. Nikafungua mchoro. Kufuli: nyekundu. Nikaongeza kizuizi kipya, "Kofia kwenye swichi". Programu haina alama ya kofia, ina ya mwavuli. Nikaweka mwavuli. Chini yake kuna kiboksi cha kueleza kwa nini kizuizi kilishindwa, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu nikitazama ukuta. Mwisho nikaandika: Ofisa wa usalama aliiondoa kofia, mtu akiwa ndani. Nikatia jina langu.

Saa nne Mutua akaniita. Nilikuwa nimejitayarisha kwa makelele. Hakupiga makelele. Alifunga mlango akaniomba nifute. Si mtu mbaya. Ametoka kwao Machakos kutafuta kama sisi sote, na anajua wanunuzi wakiondoka hakuna atakayebaki. Angeniamrisha ningejua la kumjibu. Kuniomba kulinichosha.

Nikasema sifuti.

Jumatano, 12 Februari

Amefuta mwenyewe. Nimefungua mchoro, kijani kila mahali, kama shamba baada ya mvua. Jina langu halimo. Kwa muda kidogo nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na limenitia haya.

Alhamisi, 13 Februari

Wakaguzi wawili. Mchoro ukaonyeshwa ukutani, Mutua akieleza kiboksi baada ya kiboksi. Mmoja wao, mama mwenye miwani, akauliza kama hivi ndivyo kinu kilivyo kweli. Mutua akasema ndivyo.

Nilikuwa na kofia mkobani. Sikuwa nimeamua chochote, niliibeba tu. Nikaitoa nikaiweka mezani katikati ya vikombe vya chai, nikaeleza. Kufuli, kutu, desturi ya kofia, mkono wangu ulioitoa. Sauti ilikuwa ikinikatika kama redio mbovu. Mama yule akaandika, akaandika, hata nikamwonea huruma.

Mutua hakunitazama tena siku nzima. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Jumamosi, 15 Februari

Jilore. Kazungu ametoka hospitali, ameketi uani kwake, mkono umefungwa mkubwa. Shikamoo. Marahaba. Mkewe akaniletea kiti na maji.

Nikamwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Kwa hivyo niliitundika?"

"Uliitundika, mzee. Mimi ndiye niliyeitoa."

Akamgeukia mkewe. "Umesikia wewe? Niliitundika." Mkewe akajifuta macho kwa leso. Kumbe kwa siku kumi nyumba hii ilikuwa ikibishana juu ya jambo hilo hilo.

Nilitaka anitukane. Hakunitukana, na hakusema amenisamehe. Nikamnyooshea kofia yake kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Kaa nayo," akasema. "Nikirudi kazini utaileta."

Ijumaa, 28 Februari

Nimepewa barua ya onyo, nimeitia sahihi. Kazi ya Kazungu ipo, inamngoja apone. Wanunuzi wamesimamisha ununuzi mpaka kila kiboksi chekundu kiondoke, na kwa ajili hiyo zamu zimepunguzwa. Wapo wasionisalimia. Wana haki yao. Kina mama wa kufunga mifuko hunyamaza nikipita.

Nimechoka sana. Lakini nalala.

Jumatatu, 7 Aprili

Kazungu amerudi, wiki moja baada ya Idi. Mvua imeanza, mabwawa yamejaa maji ya matope, kazi si nyingi. Kinu kilizimwa kisafishwe.

Kufuli sasa ni za plastiki, chumvi haiziwezi. Akafunga swichi, akatia ufunguo mfukoni. Nilidhani ataingia. Akasimama, akaninyooshea ule mkono wa vidole vitatu. Nikatoa kofia mkobani. Nilikuwa nimeifua, imepauka kidogo. Hakuichukua, alinionyesha swichi kwa kidevu.

Nikaitundika juu ya kufuli. Saidi akarudi nyuma hatua mbili. Kazungu akainama akaingia.

Nilikuwa na picha za kupiga na mchoro wa kujaza. Nikasimama pale mpaka alipotoka.