Kitabu cha Babu Mikha

Teleskof, Uwanda wa Ninawi,
Jumatano ya Mfungo wa Ninawi, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Gorgis,

Amani kwako na kwa nyumba yako huko Michigan. Hamjambo nyote? Wifi yangu Basima, mgongo umemwachia? Sisi tu wazima. Baba macho yamekwisha, lakini sauti anayo, na siku tatu hizi hali wala hanywi. Nikimgombeza anajitia kiziwi.

Barua yako ilifika. Unataka majina ya mababu uwaonyeshe watoto, maana shuleni wameambiwa Wakaldayo walikwisha na Babeli yao. Unataka nipige picha ukurasa wa mwisho wa kitabu cha ibada alichonakili Babu Mikha kwa mkono, pale alipojitaja yeye na baba zake, vizazi saba. Miezi minne nimekaa kimya kwa sababu ya ukurasa huo.

Agosti ile ya 2014, tulipowakimbia wale wapiganaji wa bendera nyeusi, Baba alikifunga kitabu kwa ngozi ya kondoo, akakificha ndani ya tanuri la uani, chini kabisa, akakifukia kwa majivu. Hakuniambia. Anasema sina kifua, na kweli sina.

Baada ya miaka mitatu nilitangulia kurudi, Baba akabaki Dohuk tulikokimbilia. Nyumba haikuwa na milango. Jambo la kwanza nikawasha tanuri, nilikuwa na hamu ya mkate wa nyumbani. Nikasikia harufu ya ngozi inaungua, nikadhani ni kiatu walichoacha wale watu. Nikaoka mikate kumi na minane, nikawagawia majirani.

Baba alipofika akaenda moja kwa moja kuchimba majivu. Nikaelewa papo hapo. Nikamwambia wale waliovunja kanisa ndio waliokichoma. Akaamini, kijiji kizima kikaamini. Sikulia. Mpaka leo sijalia, nashangaa mwenyewe.

Barua yako ndiyo iliyonibana. Jumatatu, tulipotoka kanisani, nilimweleza Baba yote. Akasugua magoti.

“Mkate uliiva?” akaniuliza.

Nikamwambia uliiva.

“Basi, chukua kalamu.”

Akaanza kunitajia. Israel, ndiye yeye mwenyewe. Israel wa Mikha, Mikha wa Yalda, Yalda wa Kakos. Kakos wa… Akarudia tangu mwanzo, kwa sauti ya kuimba kama alivyokuwa akisoma altareni, akakwama palepale. Jana vilevile. Leo asubuhi vilevile, na safari hii alishika mkono wangu akauminya.

Basi waambie watoto sisi ni Wakaldayo na hatujakwisha. Babeli imo kwenye kila kitabu, hakuna atakayewabishia. Baba yake Kakos ndiye hayumo popote sasa, na aliyemchoma ni mimi.

Nisalimie Basima, Shangazi Khatun na mzee Oraha. Bikira awafunike kwa shela lake, nyote na vizazi vyenu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikasirika,
Warina